Midomo ya Rakhma

Katika mji mzima wa Kolhapur, ukitafuta mwanamke wa umri wangu aliyepata kuwa nyota wa sinema, utanipata mimi peke yangu. Kabla majirani hawajanisahihisha, basi nijisahihishe mwenyewe: kilichoonekana kwenye shuka ya kuonyeshea sinema ni mkono wangu wa kushoto, umeshika kamba ya mbuzi, na watu walipopiga makofi walikuwa wanampigia mbuzi.

Sinema yenyewe ni ya mjukuu wangu Ketaki. Huyu mtoto tulimpeleka Pune kusomea biashara, akarudi na nywele fupi na mashine ya kupigia picha ambayo hulala kitandani, yeye analala chini. Asubuhi moja tunapepeta mchele uani, akaniambia, "Bibi, nataka kutengeneza sinema bubu."

"Bubu vipi? Spika imeharibika?"

"Si hivyo. Kama zile za zamani, kabla sinema hazijajifunza kusema. Nyeusi na nyeupe, watu wanakwenda mbiombio, midomo inacheza, halafu yanatokea maandishi. Nataka kuwaamkia wale wazee waliotutangulia. Ila kwa namna yangu mwenyewe."

Hapo alinigusa panapowasha. Babu yangu mzaa mama alikuwa msomaji wa sinema. Enzi zile sinema ilikuwa ndani ya hema, na watazamaji wengi hawakujua kusoma, basi babu alisimama kando ya pazia na fimbo yake, maandishi yakitokea anayasoma kwa sauti. Akiyaona mafupi mno anayarefusha. Mfalme akisema "Nenda," babu anasoma, "Nenda, ewe mwana usiye na haya, na chakula cha jioni hupati." Tabia hiyo nimeirithi, na madarasa manne ya shule hayakufaulu kuitoa.

"Waigizaji utawatoa wapi?" nikamwuliza.

"Hapo ndipo nimekwama. Nataka mzee na bibi kizee wanaoweza kukaa pamoja bila kusemezana, macho tu ndiyo yanafanya kazi. Wenzangu wa Pune ukiwaambia wanyamaze kidogo, wanaangua kicheko."

Nikaweka ungo chini. "Mjukuu wangu, vuka ua. Mlango wa bluu. Pale wapo wawili, na mazoezi wamefanya miaka."

Mlango wa bluu ni kwa Rakhma na mumewe Hindurao, ila hakuna amwitaye Hindurao. Kila mtu humwita Pailwan, maana yake mcheza mieleka, kwa kuwa ujanani aliwabwaga wanaume kutoka hapa hadi Sangli. Shingo yake imekipita kichwa kwa upana, na masikio, kwa kusuguliwa na kugongwa, yamekunjamana kama bajia. Siku hizi anafundisha vijana kwenye nyumba ya mieleka mwisho wa kichochoro chetu.

Wawili hawa walikuwa hawasemezani tangu alipofariki Shripati, kaka yake Rakhma. Habari ilikuja kwa simu, mchana. Rakhma akatoka jikoni, akasimama mlangoni nyuma ya mumewe aliyekuwa amekaa barazani akimenya muwa, akamwambia, "Unasikia? Shripati amekufa."

Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Humwita "Unasikia." Hilo ndilo jina lenyewe: Unasikia, chakula tayari, Unasikia, mvua inakuja. Mume naye huitika, au angalau hugeuka. Siku ile Pailwan hakuitika wala hakugeuka. Aliumenya muwa ule hadi pingili ya mwisho, akautafuna, akatema makapi. Mimi nilikuwa kwangu naanika pilipili; maneno ya Rakhma niliyasikia, na makapi niliyaona yakiruka.

Jioni, nyumba imejaa watu, Pailwan akaja akakaa kando ya mkewe, macho mekundu.

"Mchana nilipokuambia, ulisikia?" Rakhma akamwuliza.

"Nilisikia," akasema. "Sikuwa na la kusema."

Tangu hapo Rakhma hakumsemesha tena uso kwa uso. Aliongea na hewa. "Kuna watu chai yao inapoa." "Kuna watu kilemba chao kinanuka jasho la juzi." Na jambo likiwa zito alinipigia kelele mimi: "Chandra! Mwambie mtu fulani chumvi imekwisha!" Nami navuka ua, nasimama mbele ya Pailwan. Yeye ukimsemesha lazima akukodolee macho usoni, kama anayetafuta pa kukushika akubwage. Namwambia, mikono yangu nayo inasaidia: "Chumvi imekwisha, na mkeo anasema hata punda hupelekewa chumvi na mwenyewe." Ile ya punda ni yangu. Si nimeshakwambia nimerithi?

Sasa mwaka huu mambo yalifika ukingoni. Mtoto wao Sambhaji, aliye Pune, alimwambia mama yake ahamie kwake moja kwa moja, na Rakhma akakubali. Gari lingekuja Jumapili. Sanduku la bati lilikuwa limefungwa kamba tayari, linakaa mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Pailwan angebaki na vijana wake wa mieleka. Kila jirani alisema lake, lakini hakuna aliyethubutu kuwaambia wenyewe. Mimi roho iliniuma mara mbili: nampoteza shoga yangu, na nafukuzwa kazi.

Kwa hiyo Ketaki alipovuka ua, nami nilivuka nyuma yake, ati namtafuta mbuzi.

"Sinema?" Rakhma akauliza. "Pamoja na mtu fulani?"

"Ndiyo, bibi."

"Itabidi niongee naye?"

"Hata neno. Ni sinema bubu."

"Aa, hiyo naiweza. Hiyo tunaicheza hapa kila siku na hakuna anayetupigia makofi. Ila ujue, mwanangu, Jumapili sipo."

"Tutamaliza kabla, bibi. Jumamosi mchana tunaiangalia wote."

Pailwan kwa upande wake aliuliza swali moja tu: masharubu yapakwe mafuta au yaachwe yalivyo.

Basi tukaanza. Nisikudanganye, nilidhani sinema ni kuimba na kukimbizana kwenye bustani. Ketaki wangu alipiga picha ya kijiko kwenye glasi ya chai hadi chai ikaota ngozi. Akamtaka Rakhma achote maji bombani, kisha akasema kwenye sinema maji yatarudi bombani yenyewe. Akaifunga mashine kwenye boriti kichwa chini, ua wetu wote ukapinduliwa, nguo zikawa zinaning'inia kwenda juu. Mbuzi akapigwa picha nyingi kuliko bibi harusi.

"Hii inaitwa sinema ya majaribio, bibi," akanieleza.

"Na jaribio likishindwa?"

"Likishindwa ndiyo sanaa yenyewe."

Nikarudi kwa mbuzi. Mtu mwenye jibu kama hilo hawezi kukosa chakula maishani.

Kazi yangu ilikuwa kuandika yale maandishi, kwa chokaa juu ya kibao cheusi, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Mwalimu wangu alikuwa na kiboko kizuri. Lakini maneno aliyonipa Ketaki! Bibi kizee analia, kwenye kibao anataka niandike, "Ndoo imetoboka." Mzee anatazama mbali kwa huzuni, niandike, "Leo ni Jumanne."

"Mwanangu, hawa watu wana mambo makubwa ya kusema, wewe unawapa ndoo?"

"Ndivyo watu wanavyosema, bibi. Moyoni moto, mdomoni ndoo. Anayetazama atajua."

Nikaandika. Lakini niliona uchungu wa babu yangu ukinipanda.

Pailwan aliigiza vizuri kuliko tulivyotarajia, isipokuwa jambo moja. Ketaki akipiga kelele, "Haya, babu, inuka!" mtu hainuki. "Babu! Sasa!" Kimya, kama sanamu ya uwanjani. Mpaka Ketaki akaja mbele yake akapunga kitambaa chekundu, ndipo akainuka, tena kwa madaha.

"Bibi, huyu ni msanii wa kweli," Ketaki akaninong'oneza. "Hapokei amri kwa kelele."

"Msanii? Kichwa kigumu tu hicho. Kimepigizwa chini sana."

Ikawa kitambaa chekundu ndicho kinachomwongoza. Kikipungwa anainuka, kikipungwa anageuka, kisipopungwa hata radi isingemtikisa.

Alhamisi ilikuwa zamu ya kipande kikubwa. Hadithi yenyewe ni hivi: mzee amekaa barazani amempa mkewe mgongo, mke anasimama mlangoni anaaga, mzee hageuki. Anapogeuka mlango ni mtupu. Basi. Ketaki hakujua kwamba barazani hapo, mlangoni hapo, kitu kama hicho kilishatokea. Alimpa Pailwan kitu cha kushika mkononi, chochote kilichokuwa karibu, na msimu huu kilicho karibu kila mahali ni muwa. Nikafungua kinywa nimwambie atafute kingine. Nikakifunga. Rakhma alikuwa ameshauona.

"Bibi Rakhma," Ketaki akasema, "mashine inakutazama wewe usoni. Simama hapo, mwambie unachotaka."

"Si umesema ni bubu?"

"Ni bubu, sauti haichukuliwi kabisa. Ila midomo itembee. Sema lolote, hata bei ya vitunguu. Hakuna atakayesikia."

"Lolote?"

"Lolote. Babu, wewe usigeuke mpaka uone kitambaa." Hili alimwambia akiwa mbele yake, na Pailwan akakubali kwa kichwa.

Rakhma akaweka sawa ncha ya sari yake kichwani. Alikitazama kile kisogo. Kisha akasema, si kwa kunong'ona, kwa sauti yake ile ile ya kuniitia chumvi:

"Unasikia? Shripati amekufa. Kaka yangu Shripati amekufa, na wewe unamenya muwa."

Kisu kikaendelea kumenya.

"Unasikia? Miaka yote hii nimekupikia kwa hasira, na chakula hakikuungua hata siku moja. Huko Pune nitampikia nani kwa hasira? Jumapili mtoto anakuja. Ukigeuka sasa hivi, siendi. Usiseme kitu. Geuka tu, nami nafungua sanduku."

Mimi nilikuwa nimeshika mbuzi. Hata mbuzi alitulia. Ketaki alisimama na kitambaa kimening'inia mkononi, machozi yanamtoka, amesahau kukipunga. Na Pailwan, mita chache kutoka midomo ile, akakata pingili, akaipuliza vumbi, akaanza nyingine.

Rakhma akangoja. Kisha akaingia ndani.

Ndipo Ketaki akakumbuka, akapunga. Pailwan akageuka kwa madaha yake, akautazama mlango mtupu kwa uso wa huzuni ambao, Mungu anisamehe, nilitaka kuuvunja kwa kibao cha chokaa.

Ketaki akamwendea, akachuchumaa mbele yake. "Babu, ulisikia aliyoyasema?"

Pailwan akamtazama usoni, akafikiri kidogo. "Nilisikia," akasema. "Mchezo ni mchezo."

Na dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

Siku hiyo nami nilimnyima Pailwan maneno. Alinisalimia kichochoroni, "Dada Chandra, vipi hali?" Nikapita kama sikumwona. Akawa sasa amenuniwa na wanawake wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akimletea habari za chumvi. Ningemfokea, ningemtolea yote, lakini aliyenuna hafokei. Watu wanaonijua wakasema Chandra anaumwa.

Ijumaa Rakhma aliniletea chupa ya achari ya ndimu na mfuko wa bizari ya pilipili aliyoitwanga mwenyewe.

"Chukua. Huko mkwe wangu ananunua za pakiti, hizi atazionea kinyaa."

"Rakhma, labda..."

"Labda nini? Dirishani nilikuwepo. 'Nilisikia,' amesema. Mara ya pili sasa. Angesema hakusikia, Chandra, ningemwamini. Hata kwa uongo ningemwamini. Lakini mtu asikie maneno yale halafu asigeuke, mimi nimgeukie nani?"

Nikaipokea chupa. 

Jumamosi mchana tukaenda wote kwenye nyumba ya mieleka, kwa kuwa ndiyo yenye ukuta mkubwa na giza la kutosha. Vijana walitandika magunia madirishani, wakatundika shuka nyeupe juu ya ule uwanja wao wa udongo mwekundu. Harufu ya udongo, samli na jasho. Mtaa wote ulikuja, wengine kwa kupenda sinema, wengine kwa kutaka kumwona Rakhma mara ya mwisho bila kuonekana wamekuja kuaga. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto. Pailwan alipewa kiti mbele kabisa, kilemba chake kipya cha rangi ya machungwa kimesimama. Rakhma alikaa nyuma, karibu na mlango, kama abiria.

Mimi nilisimama kando ya shuka na fimbo. Nusu ya wazee walikuwa wameacha miwani nyumbani, sasa nani awasomee?

Ketaki akawasha mashine ya kuonyeshea. Mwanga ukatoka, na ua wetu ukatokea mweusi na mweupe, umechafuliwa makusudi kwa michirizi kama mvua ili ufanane na picha za kale.

"Televisheni ya shangazi yangu iko hivi hivi," kijana mmoja akasema, "na hakuna anayeiita sanaa."

Kikaja kijiko. Kikakaa. Kikaendelea kukaa.

"Kwani anakunywa lini?" bibi mmoja akauliza.

"Kimya, ni majaribio," nikamjibu.

Maji yakarudi bombani, watoto wakashangilia. Nguo zikaning'inia kwenda juu. Akaja mbuzi, na mkono wangu. Makofi. Maandishi yakatokea, nikayapiga kwa fimbo nikasoma, "Ndoo imetoboka!" kwa uchungu mkubwa, na mwanamke wa mstari wa pili akafuta machozi, babu yangu angejivunia.

Kisha ikaja baraza. Ukaja mgongo wa Pailwan, mpana kama kabati. Na halafu uso wa Rakhma ukaijaza shuka yote, pembe hadi pembe. Sijapata kuuona uso wa rafiki yangu ukiwa mkubwa hivyo. Kila mkunjo ulikuwa barabara. Ile midomo ikaanza kwenda, bila sauti, na hata asiyejua kinachosemwa alijua si bei ya vitunguu.

Kikatokea kibao cha maandishi. Nikakipiga kwa fimbo, nikasoma, "Chai imepoa."

"Uongo!"

Sauti ilitoka kiti cha mbele. Pailwan alikuwa amesimama, kivuli cha kilemba chake kimeingia kwenye shuka.

"Nani mwongo?" nikasema. Nilikuwa bado nimemnunia, lakini kuitwa mwongo mbele ya watu huniponya haraka.

"Wewe, Chandra! Hakusema chai. Chai haikutajwa hapo! Ketaki, mwanangu, rudisha. Rudisha ule uso."

Ketaki akarudisha. Uso wa Rakhma ukajaa tena, midomo ikaanza. Na Pailwan, ameinua kidole, akawa anaifuata ile midomo, neno kwa neno, nyuma kidogo kama mtoto anayesoma kitabu cha kwanza:

"Unasikia... Shripati amekufa. Kaka yangu... amekufa, na wewe... unamenya muwa." Sauti ikaanza kumkatika. "Nimekupikia kwa hasira... Huko Pune nitampikia nani... Ukigeuka sasa hivi, siendi. Geuka tu... nami nafungua sanduku."

Akasimama hapo. Kwenye shuka Rakhma alikuwa anangoja. Nilimwona Pailwan akikitazama kisogo chake mwenyewe kwenye ile picha, kinavyoinamia muwa, na akakipigia kelele kama anavyowapigia vijana wake uwanjani: "Geuka, we punda! Geuka!"

Kisogo hakikugeuka. Sinema haina huruma.

Basi akageuka yeye. Akaipa shuka mgongo, akatafuta kwenye giza, akamwona mkewe kule mlangoni. "Nimegeuka," akasema mbele ya mtaa mzima. "Unaona? Nimechelewa, lakini nimegeuka. Usiende, mama Sambhaji."

Ketaki akasimamisha sinema. Mtu mmoja akatoa gunia dirishani, mwanga ukaingia. Rakhma akainuka, akaja polepole kupitia katikati ya wanawake, akapita ukingo wa udongo mwekundu, akanifikia mimi.

"Chandra," akaanza, "mwambie mtu fulani..."

Akaacha. Akanisukuma kando kwa kiwiko, fimbo yangu na yote, akasimama mbele ya mumewe.

"Kwenda siendi," akamwambia. "Niliahidi mbele ya mashine, na wewe umegeuka mbele ya watu. Sambhaji atakula kwetu kesho na kurudi peke yake. Lakini kuna kitu nataka kukijua."

"Uliza."

"Alhamisi nilikuwa nyuma yako hapo hapo. Nilisema kwa sauti, mbuzi alinisikia. Hukugeuka. Leo picha haina sauti hata ya mbu, nawe umeyasoma yote usoni pangu. Imekuwaje?"

Pailwan akashika masharubu. "Alhamisi niliambiwa nisigeuke. Mchezo ni mchezo."

"Uliyasikia?"

"Nilisikia."

"Na ile siku ya Shripati?"

"Nilisikia. Si nilikwambia? Sikuwa na la kusema."

Rakhma akamtazama. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake ukilegea kidogo kidogo, kama kamba iliyofungwa miaka na sasa mtu amepata mwisho wake. Akayatazama yale masikio ya bajia, moja, kisha la pili.

"Wewe mwanamume," akasema taratibu, "yaani ni afadhali nikuone jiwe kuliko nikuone kiziwi?"

"Kiziwi nani?" Pailwan akajitutumua mbele ya vijana wake. "Mimi? Mimi nasikia sisimizi wakigombana ukutani! Waulize hawa!"

Vijana wakatazama udongo.

Rakhma akavuta ncha ya sari yake kutoka kichwani, akaishusha usoni hadi ikamfunika mdomo na pua, kama mwanamke mwenye haya mbele ya wakwe. Macho tu ndiyo yaliyobaki nje, na macho yale yalikuwa yanacheka. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi kichochoroni:

"Usitikisike. Kuna nge mkubwa anapanda kwenye kilemba chako, sasa yuko karibu na shingo."

Wanawake wakapiga yowe. Wanaume wa mstari wa mbele wakaruka juu ya viti. Ketaki akaikumbatia mashine yake, na mimi, pamoja na uzee wangu, nikajikuta nimepanda ukingo wa uwanja na fimbo hewani.

Pailwan alisimama wima, mikono nyuma. Aliyatazama yale macho ya mkewe kwa upendo, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali shauri la busara.

"Hapo umesema kweli tupu, mama Sambhaji," akajibu. "Hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo."